Jina Lililobaki Kwenye Pipa

Lori lilifika saa nne asubuhi, mwezi Novemba, jua limeshaanza kuwaka. Wakati huo nilikuwa mtunza stoo kwenye kiwanda kimoja cha kutibu nguzo za umeme wilayani Mufindi. Mapipa yaliyopanda kutoka Dar es Salaam yalikuwa yamefura juu, vifuniko vimetuna. Kijana mmoja, kibarua, alipewa spana afungue pipa moja ili dawa ihamishiwe kwenye madumu. Alizungusha mara moja tu. Kifuniko kikapumua kwa nguvu, matone yakaruka, moja likamwingia jichoni.

Tulimwosha kwa maji ya bomba dakika mbili au tatu, tukampakia kwenye pikapu mpaka zahanati. Nesi alimlaza, akanigeukia.

"Kaka, ameingiwa na nini?"

"Dawa ya nguzo."

"Sawa, lakini ndani yake kuna nini?"

Sikuwa na jibu. Karatasi yenye jibu ilikuwepo kiwandani. Ilikuwa ndani ya faili, faili ndani ya kabati, kabati ndani ya ofisi ya meneja, na ufunguo wa ofisi ulikuwa njiani kwenda Iringa mjini mfukoni mwa meneja mwenyewe. Nilipoisoma jioni nikakuta imeandikwa wazi: jicho lioshwe kwa maji yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 15, kope zikiwa zimeshikiliwa wazi. Sisi tulikuwa tumemkatiza mapema, kwa haraka ya kumkimbiza kwa nesi ambaye hatukuwa na cha kumwambia.

Tangu siku hiyo naamini kwamba kazi ngumu ya taarifa za kemikali huanza baada ya karatasi kupatikana. Karatasi wengi wanazo. Mkaguzi akija anaonyeshwa faili, anaweka tiki, anaondoka. Ila taarifa ina safari ndefu, kutoka kwa mtengenezaji mpaka kwenye mkono ulioshika spana, na mara nyingi hufia hatua za mwisho kabisa, pale kemikali inapotoka kwenye chombo chake cha kwanza na kuingia kwenye chombo kingine.

Tuanze na lugha, maana ndiyo inayotutega kabla ya kitu kingine chochote. Sisi kila kitu tunakiita dawa. Kuna dawa ya nguzo, dawa ya nyanya, dawa ya choo, dawa ya panya, dawa ya kung'arishia masinki. Mkulima wa Ilula anabeba bomba mgongoni na kusema anakwenda kupiga dawa. Kwenye neno dawa kuna uponyaji ndani yake, na mtu husogelea kitu kwa jinsi kinavyoitwa. Ile dawa yetu ya nguzo ilikuwa mchanganyiko wa kromiamu, shaba na arseniki, ndio unaozipa nguzo nyingi rangi yake ya kijani. Shaba huua ukungu, arseniki huua mchwa, kromiamu huvishikiza vyote viwili ndani ya mbao visioshwe na mvua. Kimiminika chenyewe kabla ya kuchanganywa na maji ni asidi kali. Hakuna kibarua ambaye angesimama karibu vile, uso mtupu, kama angeambiwa kuwa ndani ya pipa kuna asidi yenye arseniki.

Karatasi ninayoizungumzia wengi bado wanaiita MSDS, ingawa siku hizi jina lake limefupishwa kuwa SDS. Kwa Kiswahili karatasi ya taarifa za usalama inatosha. Umbo lake la sasa linatokana na mfumo wa Umoja wa Mataifa uitwao GHS, uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2003 na unaoboreshwa mara kwa mara, ili kemikali iliyotengenezwa India, China au Ujerumani ielezwe kwa mpangilio mmoja. Sehemu zake ni 16, na namba za sehemu hizo hazibadiliki. Sehemu ya 4 ni huduma ya kwanza kwa kemikali yoyote ile duniani. Ya 5 ni moto, ya 6 ni kumwagika, ya 7 ni namna ya kuishika na kuihifadhi, ya 8 ni vifaa vya kinga, na ya 10 ni vitu isivyopatana navyo. Mtu akizishika hizo sita kichwani, hata karatasi ya kurasa 12 ya Kiingereza kigumu haimtishi tena. Anajua afungue wapi.

Sehemu ya 8 inastahili kusomwa polepole kuliko zote. Kuandika "vaa glovu" hakusaidii mtu kama hakuna aina ya glovu. Glovu za ngozi za fundi wa kuchomelea hunyonya kimiminika na kukigandisha kwenye kiganja, na ni afadhali mkono mtupu unaooshwa mara moja kuliko mkono ulioloweshwa nusu saa ndani ya ngozi. Barakoa ya kitambaa nayo haizuii gesi wala mvuke hata kidogo. Nimeona watu wakipewa vifaa hivyo na kuamini wamekingwa, na hiyo imani ndiyo huwafanya wasogee karibu zaidi.

Lakini karatasi, hata iwe nzuri namna gani, haiijui stoo yako. Yale mapipa yalifura kwa sababu yalifungwa usawa wa bahari, kisha yakapandishwa mpaka karibu mita 1,900. Mgandamizo wa hewa kwetu Mafinga ni pungufu kwa takriban moja ya tano ukilinganisha na Dar es Salaam, kwa hiyo hewa iliyofungiwa ndani ya pipa inasukuma kwenda nje, na jua la njiani linaiongezea nguvu. Hilo halikuandikwa popote, maana aliyeandika karatasi hakuwa akiifikiria Mafinga. Sisi wa nyanda za juu ndio tunaopaswa kuongeza mstari huo kwa mkono wetu: pipa lililotoka pwani likae kivulini kwanza, kizibo kidogo kilegezwe taratibu ili lipumue, uso ukiwa umefunikwa na miwani na ngao, mwili ukiwa pembeni.

Kiswahili kinatutatiza hapa pia, kwa sababu neno hatari linabeba mambo mawili. Kuna hatari iliyomo ndani ya kitu chenyewe, na kuna hatari ya wewe kudhurika nacho. Mteremko wa Kitonga ni ule ule kwa kila dereva. Anayefika Ruaha Mbuyuni salama na anayeishia korongoni wametofautiana breki, mwendo na usingizi. Karatasi ya usalama inakueleza mteremko. Breki zako haizijui. Ndiyo maana kiwanda kinachoipokea, kuipiga mhuri na kuifungia kabatini kimefanya nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kukaa na wanaoishika hiyo kemikali na kuuliza: hapa kwetu inamiminwa na nani, kwa kutumia nini, upepo unatoka wapi, bomba la maji liko hatua ngapi?

Lebo ndiyo muhtasari unaosafiri na chombo. Alama zake ni tisa, kila moja ndani ya umbo la almasi lenye mpaka mwekundu. Fuvu na mifupa kila mtu anaielewa. Inayoeleweka vibaya ni ile ya kivuli cha mtu mwenye kitu kama nyota iliyopasuka kifuani. Niliwauliza wenzangu, wengi wakasema ni ugonjwa wa moyo. Maana yake ni madhara ya ndani na mara nyingi ya muda mrefu: saratani, uzazi, mapafu, viungo vya ndani. Fuvu linazungumzia leo, na hiyo nyota inaweza kuwa inazungumzia miaka 20 ijayo. Dawa yetu ya nguzo ina zote mbili. Nyingine inayopita bila kuonekana ni mwali wa moto juu ya duara. Watu huiona kama alama ya kitu kinachowaka, kumbe ni ya kitu kinachokoleza moto wa vingine. Klorini ya unga ya kutibia maji iko kundi hilo, na ikigusana na mafuta ya kulainisha mashine au matambara yenye dizeli inaweza kuwasha moto bila kiberiti. Kwenye stoo ndogo za miradi ya maji nimewahi kuona ndoo ya klorini na galoni la oili vikiwa bega kwa bega, kwa sababu tu rafu ilikuwa moja.

Sasa twende pale taarifa inapofia. Chukua kostiki, ile chengachenga nyeupe ya kutengenezea sabuni. Mfuko wa kilo 25 unafika mjini Mbeya ukiwa na lebo kamili: jina, alama ya kuunguza, namba, maelekezo. Muuza duka anaufungua na kuupima nusu nusu kilo kwenye mifuko ya plastiki isiyo na maandishi. Mama anayejiajiri kwa sabuni ya maji na ya miche ananunua mfuko mmoja, anafika nyumbani, anachukua sufuria. Sufuria zetu nyingi ni za alumini. Kostiki yenye maji huila alumini, na inapoila hutoa haidrojeni, gesi inayowaka na kulipuka. Ndoo ya bati nayo haifai, kwa sababu ile zinki iliyopakwa juu yake huliwa vilevile. Sehemu ya 10 ya karatasi ya kostiki inazitaja metali hizo mbili. Mama huyo angepaswa kutumia ndoo ya plastiki nzito, na kuanza na maji baridi kisha kunyunyizia kostiki kidogo kidogo, kamwe asimwage maji juu ya kostiki, kwa sababu joto linalozuka pale linaweza kuyachemsha na kuyarusha usoni. Yote hayo yalikuwa yameandikwa kwenye mfuko wa kilo 25 na karatasi yake. Yalibaki kule dukani, yakatupwa na mfuko mtupu.

Dawa ya kutibu jambo hili (na hapa neno dawa liko mahali pake) ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Kalamu isiyofutika na kipande cha plasta nyeupe. Kwenye kila chombo kinachopokea kemikali andika jina lake halisi, nguvu yake kama imechanganywa, hatari yake kwa maneno mawili matatu ya Kiswahili, na tarehe. "KOSTIKI. Inaunguza ngozi na macho. Usitie kwenye alumini wala bati." Sekunde 30 zinatosha. Na kuna vyombo vya kukataa kabisa: chupa ya soda, chupa ya maji ya kunywa, dumu la mafuta ya kula. Hata ukivibandika lebo tano, mtoto na mtu mwenye kiu hawasomi.

Sharti hilo si wazo langu. Mkataba namba 170 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu kemikali, wa mwaka 1990, ambao Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizouridhia, una kifungu kizima cha kuhamisha kemikali. Kifungu cha 11 kinamtaka mwajiri ahakikishe kuwa chombo kipya kinamjulisha mfanyakazi ni kitu gani kimo ndani, kina hatari gani na achukue tahadhari gani. Kifungu cha 18 kinampa mfanyakazi haki ya kupata taarifa hizo, na haki ya kujiondoa kwenye hatari kubwa iliyo karibu bila kuadhibiwa. Ningependa kila kibarua wa Mufindi alijue hili la pili.

Kosa la jina lina uzito mwingine kwenye migodi midogo ya Chunya. Mitambo ya kuchenjua marudio, yaani mchanga uliokwisha kuchenjuliwa mara ya kwanza, hutumia sayanaidi kuyeyusha dhahabu iliyobaki, na mingi ina asidi pia, ya kusafishia kaboni inayonasa dhahabu hiyo. Maji ya sayanaidi hutiwa chokaa ili yabaki na ukali wa magadi, pH ya 10 na zaidi. Wengine hudhani chokaa ni ya kusaidia dhahabu tu. Inafanya zaidi ya hapo: ndiyo inayoizuia sayanaidi isigeuke gesi. Asidi ikiingia, hata kwa dumu moja lililochukuliwa kimakosa, ngao hiyo huvunjika na gesi ya haidrojeni sayanaidi hutoka. Kimiminika cha sayanaidi hiyo huchemka kwenye nyuzi 26 hivi za Selsiasi, na mchana wa Makongolosi hupita hapo kwa urahisi. Sayanaidi na asidi ziko kwenye stoo moja, madumu mawili ya rangi moja, hakuna lebo. Hapo elimu ya kemia haimwokoi mtu. Kinachomwokoa ni neno lililoandikwa kwenye dumu, na ukuta kati ya hayo mawili.

Kwa wafanyakazi wa usafi katika hoteli na hospitali, mkasa ni uleule kwa kipimo kidogo. Jiki ikichanganywa na dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini. Chooni, mlango umefungwa, hiyo inatosha kumlaza mtu.

Ili yote haya yasimamike panahitajika orodha moja. Sisi tulianza na daftari la kaunta, na hata leo naliona bora kuliko programu ya kompyuta ambayo ni mtu mmoja tu anajua kuifungua. Tulizunguka kiwanda kizima kwa siku mbili, si stoo tu: karakana, jiko la wafanyakazi, chumba cha jenereta, kibanda cha mlinzi. Kila kemikali ikapata mstari wake wenye jina lililo kwenye lebo, msambazaji, mahali ilipo, kiasi cha juu kinachowekwa hapo, tarehe ya karatasi ya usalama, na namba ya CAS.

Hiyo namba inahitaji maelezo, kwa sababu ndiyo kitambulisho cha kemikali kisichotegemea lugha wala jina la biashara. Kostiki inaweza kuitwa soda kali, lai au sodiamu haidroksaidi, lakini namba yake ni 1310-73-2 kote duniani. Na namba hizi zina kinga ndani yake dhidi ya makosa ya kunakili. Iondoe tarakimu ya mwisho, 2. Zilizobaki zisome kutoka kulia kwenda kushoto: 3, 7, 0, 1, 3, 1. Zizidishe kwa 1, 2, 3, 4, 5 na 6 kwa mfuatano huo, utapata 3, 14, 0, 4, 15 na 6. Jumla yake ni 42, nayo inaishia na 2, ile ile uliyoiondoa. Isipolingana, kuna tarakimu imekosewa. Mtunza stoo mwenye kikokotoo cha simu anaweza kujihakikishia hivi kabla ya kuagiza karatasi isiyo ya kemikali yake.

Katika mzunguko ule tulikuta vyombo saba visivyojulikana. Mtu mmoja alitaka kunusa. Tukamzuia. Chombo kisichojulikana hakinuswi, hakimwagwi kwenye mfereji, hakichanganywi na kingine "ili kupunguza nafasi". Kinatengwa, kinaandikwa "HAIJULIKANI, USIGUSE", na wanaulizwa wenye ujuzi. Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi ya kanda yetu jijini Mbeya, na ndiyo inayosimamia Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003. OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, kwa sheria yake ya mwaka huohuo, inaangalia usalama wa mfanyakazi mwenyewe. Viuatilifu vya shambani viko chini ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Mwenye kiwanda anaweza kujikuta anawajibika kwa zote tatu kwa pipa moja, na malalamiko ya wenye viwanda nayaelewa, lakini orodha moja iliyo sahihi huzijibu zote.

Karatasi zenyewe huzeeka. Msambazaji hubadilisha mchanganyiko, asilimia zinapanda au kushuka, na jina la biashara linabaki lile lile. Linganisha tarehe kila mzigo unapoingia. Ile ya zamani usiichome, iandike "imepitwa" na uitunze, kwa sababu ugonjwa wa arseniki au kromiamu unaweza kujitokeza miaka mingi baada ya mtu kuacha kazi, na daktari wake atataka kujua alishika nini mwaka gani. Tena nakala zote zisikae ndani ya stoo. Stoo ikiwaka, nazo zinaungua, na askari wa Zimamoto mliowapigia 114 wanafika langoni bila kujua wamwage maji au povu. Tuliweka seti moja kwa mlinzi, ndani ya ndoo nyekundu yenye kifuniko, pamoja na ramani ya mahali kila kitu kilipo.

Tukatafsiri sehemu zile sita kwa Kiswahili, kurasa mbili kwa kila kemikali, tukazisoma kwa sauti asubuhi kabla ya kazi. Mzee mmoja aliyekuwa akibeba mabaki ya nguzo nyumbani kama kuni alisikiliza sehemu inayosema mbao hizo zisichomwe, kwamba arseniki hubaki kwenye majivu na kupanda na moshi. Hakusema kitu. Kesho yake alirudisha mzigo mzima kwa baiskeli, akauegesha langoni, akaniuliza majivu aliyokwisha kuyamwaga kwenye bustani ya mboga ayafanyeje. Swali hilo lilinichukua wiki kulipatia jibu la kuridhisha: kutopanda tena mboga mahali pale, na kuufukua udongo wa juu kuurudisha kiwandani uhifadhiwe na taka zetu nyingine za arseniki.

Kijana wa spana jicho lake lilipona, ingawa anasema mwanga wa jua kali bado unamsumbua. Mwezi uliofuata tulikwenda naye zahanati na nakala za kemikali zetu zote 11, sehemu ya 4 ikiwa imepigiwa mstari. Nesi alizipitia moja moja akiwa amesimama, akatuuliza ipi ndiyo ile ya siku ile. Kijana akamwonyesha kwa kidole. Akaitoa, akaibandika kwa plasta upande wa ndani wa mlango wa kabati la dharura, karibu na chupa za maji ya kuoshea macho.